Kitongoji kuanza na tulivyonavyo badala ya kusubiri mradi: hatua zinafuatanaje?

Mwenyekiti_Chamwino:
Habari wakuu. Kitongoji chetu hapa Chamwino, Dodoma, kina kaya kama 80. Kila mkutano watu hutaja maji, kuni na njaa ya Januari hadi Machi, kisha huuliza mradi unakuja lini. Lakini mafundi wapo, korongo lina mchanga mzuri, mikokoteni ya punda ipo, visiki vinachipua kila shamba. Nataka tuvihesabu na kuvifanyia kazi. Naomba hatua, siyo nadharia.

Kaunta_Buku:
Mkuu, usianzie mkutanoni. Mkutanoni husema walewale, na wao ndio wazoefu wa kuorodhesha shida. Pita nyumba kwa nyumba.

Tafuta watu wanane, wagawe jozi nne, kila jozi mwanamke na kijana. Jozi moja inamudu kaya 10 kwa siku bila papara, kwa hiyo siku mbili zinatosha. Maswali ni matatu tu: unajua kufanya nini? Uko tayari kumfundisha nani? Una kifaa gani unachoweza kuazimisha, na miezi ipi? Mume na mke waulizwe kila mmoja peke yake. Baba akijibu kwa niaba ya nyumba nzima, utaandika "mkulima" kaya zote 80, na aliyejua kufinyanga vyungu, kuhifadhi mbegu za uwele au kuzalisha wajawazito hatajulikana.

Kinachoharibu kazi hii kuliko chochote ni watu kudhani mnaandikisha wanufaika wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Hapo kila mtu hujishusha: fundi anasema hana kazi, mwenye plau anaificha. Kwa hiyo sentensi ya kwanza mlangoni iwe, "Hakuna posho wala msaada utakaotokana na daftari hili." Ng'ombe msiwahesabu kabisa, mkihesabu, mtaonekana watoza ushuru.

Ndani ya wiki mbili yabandikeni majibu kwenye karatasi za manila mkutanoni. Hapo ndipo kazi halisi inapoanza, kuunganisha: fundi uashi, mwenye mkokoteni na vijana wa korongoni wakikaa pamoja, tayari mna kikosi cha ujenzi. Orodha isiyounganisha watu itaishia kabatini kwa mtendaji.

Shamba_Kisiki:
Nakubaliana na hapo juu, ila kazi ya kwanza isidai hata shilingi. Fedha ikitangulia, ugomvi nao hutangulia. Kwa huko Chamwino ningeanza na kisiki hai, yaani kutunza visiki vinavyochipua vyenyewe hadi viwe miti, maana mizizi tayari iko ardhini na inafikia unyevu ambao mche wa kupanda unaukosa kiangazi.

Kila kisiki acheni machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine kateni. Kwenye yaliyobaki ondoeni matawi ya chini mpaka nusu ya urefu, msizidi, kwani majani ndiyo yanayolisha mti. Panga liwe kali, na mkate kutoka chini kwenda juu. Mkikata kutoka juu, tawi huchanika na kushuka na ganda la shina, na mchwa hupata mlango. Fungeni kitambaa cha rangi kwenye kila kisiki ili mpita njia ajue kina mwenyewe. Rudini baada ya miezi miwili au mitatu, machipukizi mapya yatakuwa yametoka tena. Matawi ya upogoaji wa kwanza tu ni kuni tayari.

Mwenyekiti_Chamwino:
Asante sana ndugu zangu. Na mbuzi je? Mtama ukishavunwa kila mtu anaachia mifugo popote.

Shamba_Kisiki:
Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wafugaji waiteni mapema, kabla ya mavuno, mpatane mashamba yapi yalishiwe mabua na yapi yapumzishwe. Sheria ndogo mtunge pia: halmashauri ya kijiji inaipendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, kisha lazima iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Mkitoza faini kabla ya idhini hiyo, mwenye mbuzi akipinga mtashindwa.

Mhasibu_wa_Hisa:
Mambo mawili, kwa ufupi.

Mkijenga darasa kwa nguvu za wananchi, nendeni kwa mhandisi wa halmashauri kabla ya kuchimba msingi. Maboma mengi, yaani majengo ya kuta tupu, yanakwama yakisubiri bati kwa sababu vipimo havilingani na ramani ya serikali. Kila tripu ya mchanga na kila siku ya kibarua iandikwe, thamani yake ikadiriwe na mhandisi huyo. Huo ndio mchango wenu mtakaouonyesha mtakapoomba kumaliziwa.

La pili, kikundi cha hisa, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana. Watu 15 hadi 30, hisa kwa mfano Sh 1,000, mtu asizidi hisa tano kwa wiki ili wenye uwezo wasiwameze wengine. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio wa nyumba moja, na mtunza sanduku asiwe na ufunguo. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Kikundi kisajiliwe; Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavihusu hata vikundi vya kijamii kama hivi.

Anzeni Juni, mavuno yakiwa mkononi. Vikundi vinavyoanza Januari hufa kwa sababu ndiyo miezi ya kununua unga, hisa zitatoka wapi? Mgawo wa akiba kwa wanachama fanyeni Novemba, kabla mvua hazijaanza, ili fedha iende kwenye mbegu na gunia la akiba la mtama.