Bluu ya sendofu imetoka zambarau: wazoefu wa plota naombeni msaada

Mchapaji wa Mwanga
Wakuu, heshima zenu. Nina kiofisi cha mabango hapa Mwanga, Kigoma. Plota (mashine ya kuchapa mabango) moja ya eko-solventi, hedi (kichwa cha kutema wino) moja, wino wa rangi nne: siani (bluu ya kijani), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi. Nimepata kazi ya sendofu, bango la futi 10 kwa 6, kamati imetaka bluu iliyokolea ifanane na sare zao. Kwenye laptopu iko safi. Bango limetoka zambarau! Mama mmoja wa kamati alivua mtandio wake akautandaza juu ya bango, hakusema neno, akaniangalia tu.

Nimerudia kwa hela yangu, roli nyingine ya fleksi (turubai la plastiki la mabango), ikatoka zambarau ya aina nyingine. Nikapunguza majenta kwenye RIP (programu inayoigawia mashine wino): bluu ikasogea, lakini sura ya bibi harusi ikawa ya kijani kama ana malaria. Profaili, yaani faili la kusahihisha rangi, ni ile iliyokuja na mashine, na wino nimeshabadilisha mara mbili tangu hapo kwa kufuata bei. Sendofu ni Jumamosi. Nifanyeje? Na hii habari ya kutengeneza profaili yako mwenyewe inawezekana huku kwetu? Hicho kipimo cha rangi sijawahi hata kukishika.

Dagaa Mkavu
Waambie zambarau ndiyo fasheni ya mwaka huu mkuu 😂

Mama Stika
Dagaa acha utani, mwenzio halali. Mchapaji, kabla hujagusa profaili, umetoa nozo cheki, ile chapa ya kuona kama matundu ya wino yameziba? Siani ikiwa na mapengo bluu yote inaelemea zambarau, na utahangaika na RIP bure. Mimi niko Tabora, kwa vumbi la kiangazi la huku natoa kila asubuhi kabla ya chai. Halafu hilo faili ni RGB (rangi za skrini) au CMYK (rangi za wino)?

Mchapaji wa Mwanga
Mama Stika umenikamata. Mistari saba ya siani haipo! Nimesafisha hedi mara mbili, imerudi yote. Nimechapa kipande, zambarau imepungua ila haijaisha. Faili ni RGB, bluu yenyewe ni 0, 0, 255 (nyekundu 0, kijani 0, bluu 255).

Kijana wa Reli
Zima profaili zote, chapa hivyo hivyo. Mimi nafanya hivyo na wateja hawalalamiki.

Mama Stika
Hawalalamiki kwa sababu kazi yako ni "TUNAUZA BARAFU" kwa nyekundu.

Fundi Hedi
Mchapaji, hiyo 0, 0, 255 ni mwanga wa skrini. Siani na majenta zako haziwezi kufika pale, kwa hiyo RIP inatafuta rangi ya jirani. Na inaitafutia ndani ya Lab, mfumo wa kupimia rangi wa mwaka 1976, ambao upande wa bluu una kasoro: ukali wa rangi ukipunguzwa huku mwelekeo wake ukibaki uleule kwa hesabu, jicho linaona zambarau. Ndiyo maana hata mwenye profaili nzuri bluu humsumbua.

Kwa Jumamosi fanya hivi. Rudisha majenta ya RIP ilivyokuwa, maana ukiikata pale unaikata kwenye kazi nzima, ngozi za watu zikiwemo. Badala yake fungua faili, libadilishe liwe CMYK, ubadilishe bluu peke yake. Chapa vibonge (vipande vya rangi) vidogo: siani 100 kwenye vyote, majenta 40, 50, 60, 70. Viandike namba kwa kalamu, viache vikauke, kisha vipeleke mlangoni kwenye mwanga wa mchana pamoja na kile kitambaa. Usivitazame chini ya taa ya ofisi. Kitambaa na wino vinaweza kufanana ndani na kupishana nje. Mimi majenta huiacha nyuma ya siani kwa 30 au zaidi, ikisogea karibu tu zambarau inaingia.

Profaili sasa. Iliyokuja na mashine ilipimwa kwa wino wao, fleksi yao, pasi zao (mara ambazo hedi inapita). Wewe umebadilisha wino na roli, hiyo sasa ni nguo ya mtu mwingine. Yako inawezekana, tena bila kununua kipimo. Tafuta mwenye spektrofotometa (hicho kipimo cha rangi) Mwanza au Dar umtumie kwa basi chati za rangi ulizochapa. Ila ni safari mbili, na hapa wengi wanateleza. Kwanza mistari ya kila rangi kutoka 0 hadi 100, akupangie kiwango cha wino na mpando wake, yaani rangi inavyokolea hatua kwa hatua. Rangi zote nne zikijaa ni asilimia 400, na fleksi hainywi wino huo, utabaki umelowa na kugandana kwenye roli. Ukishaweka namba zake ndipo unachapa chati ya profaili, usahihishaji wa rangi ukiwa umezimwa. Hapo tu ndipo Kijana wa Reli yuko sahihi. Iache ikauke usiku kucha kabla ya kuikunja. Joto la hita na pasi ziandike pembeni ya chati, ukibadilisha kimojawapo baadaye umeanza upya.

Mchapaji wa Mwanga
Mrejesho wakuu. Nilimwita yule mama achague mwenyewe pale mlangoni. Akapita vibonge vyote na mtandio wake, akaweka kidole kwenye majenta 60. Bango limetoka, ngozi ziko sawa, wamelichukua. Chati ya kwanza imeondoka na basi la alfajiri kwenda Mwanza.

Sasa kuna mzee wa mawese anataka stika za madumu, rangi ileile ya mafuta yake. Nikichapa inatoka kama tope.

Fundi Hedi
Ile chungwa inayowaka haitoki vizuri kwenye wino wa rangi nne, ndiyo maana kuna mashine zinazoongezewa wino wa chungwa. Jaza njano 100, cheza na majenta kati ya 50 na 70, siani na nyeusi ziwe sifuri kabisa. Hilo tope ni siani imeingia.

Dagaa Mkavu
Au stika iwe ya uwazi, mafuta yenyewe yaonekane.

Mama Stika
Leo Dagaa kasema.