Andiko langu la chembe nano na majani ya mkorosho limerudishwa: majarida yanataka nini siku hizi?

Mwanagenzi wa Ligula

Ndugu wanajukwaa, salamu kutoka Mtwara. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika kemia. Nilitengeneza chembe nano, yaani chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita, za fedha (ya madini, si ya mfukoni) kwa kuchanganya nitrati ya fedha na maji yaliyochemshiwa majani ya mkorosho. Mchanganyiko uligeuka kahawia, kipimo cha ufyonzaji wa mwanga kikaonesha kilele karibu na nanomita 420, na vipimo vya eksirei, ambavyo sampuli zake zilibidi zisafiri nje ya mkoa kwa majuma matatu, vikathibitisha kwamba nilichonacho ni fuwele za fedha. Nilipozijaribu dhidi ya bakteria wa aina mbili, nilipata duara pana la kuzuia ukuaji wao.

Andiko nililipeleka katika jarida moja la kimataifa la nanoteknolojia. Lilirudi baada ya siku nne bila kufikishwa kwa wahakiki, likiwa na sentensi moja ya mhariri kwamba kazi haiwaongezei wasomaji jambo jipya. Kinachonitatiza ni kwamba katika matoleo ya zamani ya jarida hilohilo nimesoma makala zinazofanana na yangu kama pacha. Je, mada zimehama, au kipimo ndicho kilichobadilika? Na je, liko jarida la kuaminika lisilotoza ada? Ada niliyoiona mahali pamoja inazidi posho yangu ya miezi mingi.

Mkufunzi Mstaafu, Nachingwea

Mwanangu, pole. Nimekaa na majarida haya muda mrefu, na jibu langu ni kwamba vyote viwili vimetokea, ila la pili ndilo lililokuangusha.

Jarida la Nanotechnology lilipoanza mwaka 1990 lilikuwa karibu peke yake katika uwanja huu, na hamu kubwa wakati ule ilikuwa kuona na kupima, kwa sababu hadubini zilizoweza kuonesha atomu moja moja zilikuwa bado ngeni. Mwaka 1991 Sumio Iijima wa Japani alieleza mirija nano ya kaboni, na kwa miaka zaidi ya kumi ukifungua toleo lolote ulikutana na mirija. Nano Letters likaja mwaka 2001, Small mwaka 2005, Nature Nanotechnology mwaka 2006 na ACS Nano mwaka 2007, kila moja likikuta foleni ya waandishi imekwisha kujipanga mlangoni. Katikati ya hapo, mwaka 2004, Geim na Novoselov wa Manchester walitenga grafini, yaani tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, kwa utepe wa kunatia, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2010, na foleni yote ikahamia huko. Kisha zikaja tabaka nyingine nyembamba, zikiwemo zile ziitwazo maksini (MXene) zilizotangazwa na watu wa Chuo Kikuu cha Drexel mwaka 2011. Leo utakuta betri, vichocheo vya kutengeneza haidrojeni, vihisi, na vifuko vya mafuta vya kubebea dawa, ambavyo chanjo za Uviko zilivifanya vijulikane hata na wasio wanasayansi.

Hata hivyo, usidhani fedha yako imekataliwa kwa kuwa haimo katika orodha hiyo. Zamani ilitosha kusema: nimetengeneza, ni ndogo, na huu hapa ushahidi. Sasa mhariri anauliza chembe hiyo inafanya nini kuliko kilichopo, na kwa sababu gani. Majani ya mimea yamekwisha kutumika mno, na mmea mpya peke yake hauhesabiwi kuwa ugunduzi. Je, ulipima nitrati ya fedha peke yake, na maji ya majani peke yake, dhidi ya bakteria walewale? Chembe za fedha huachia ayoni, yaani atomu zenye chaji, na ayoni hizo zenyewe huua bakteria. Kama hukutenganisha, duara lako halijasema nani aliyeua.

Bi Mikindani

Nachukua swali la ada tu, kwa maana la sayansi limeshapata mwenyewe.

Si kila jarida humtoza mwandishi. Majarida ya usajili, ambayo msomaji au maktaba ndiyo hulipa, kwa kawaida hayakudai chochote ukikubali makala ibaki nyuma ya malipo. Kwa majarida yaliyo wazi kwa wote, Beilstein Journal of Nanotechnology, lililoanza mwaka 2010, halimtozi mwandishi wala msomaji, kwa kuwa gharama zake hubebwa na taasisi iliyoko Ujerumani. Ubora wake ni wa kweli, kwa hiyo usilikimbilie kama mlango wa uani. Wachapishaji wengi pia husamehe au hupunguza ada kwa waandishi wa nchi zinazohudumiwa na Research4Life, mpango unaozipatia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Omba kabla ya kutuma andiko, si baada ya kukubaliwa.

Jihadhari na barua pepe zinazokuita profesa na kukualika katika toleo maalumu. Matoleo ya namna hiyo, yanayosimamiwa na wahariri waalikwa, ndiyo yaliyowaponza wachapishaji wa majarida waitwao Hindawi, ambao mwaka 2023 walilazimika kufuta makala zaidi ya 8,000. Waliokuwamo kwa nia njema waliingia katika wingu la shaka pamoja na walaghai.

Mtoto wa Ruangwa

Naheshimu maelezo ya Mkufunzi, lakini sikubaliani na dhana kwamba sisi tuketi tukitazama foleni ya Ulaya na Marekani ili tujue pa kusimama. Huku Ruangwa tuna kinywe (grafiti, madini ya kaboni) ardhini, na grafini hutokana na kinywe. Kwa nini mwanafunzi wa kusini ahangaike na fedha ya kununua? Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha alianza na maji ya kwao, akatengeneza chujio la mchanga na nano, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Mkufunzi Mstaafu, Nachingwea

Ndugu yangu wa Ruangwa, hatujagombana. Nakurekebisha padogo tu: kinywe cha betri hupimwa kwa mikromita, kwa hiyo kuwa na mgodi si kuwa na nanoteknolojia. Lakini hoja ya kuanza na cha kwetu naiunga mkono kwa mikono miwili, na cha kwetu hapa ni mkorosho uleule. Maganda ya korosho yana mafuta yenye asidi ya anakadi, na tayari kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini, walioitumia kuvika chembe nano zisigandamane. Hapo mkorosho una kazi ambayo muarobaini hauwezi kuifanya.

Mwanagenzi, nikuulize: majani uliyachuma lini, na wapi?

Mwanagenzi wa Ligula

Nawashukuru nyote. Bi Mikindani, nitaandika barua ya msamaha wa ada mapema safari hii. Mkufunzi, shikamoo. Nakiri kwamba nitrati peke yake sikuipima. Majani niliyachuma mwezi Julai katika shamba la mjomba, upande wa Nanyamba, nikayasuuza kwa maji ya bomba na kuyaanika kivulini.

Mkufunzi Mstaafu, Nachingwea

Marahaba. Julai, Nanyamba. Basi mjomba wako alikuwa anapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kama shamba zima la jirani.

Fedha na salfa hupendana vibaya. Ndiyo maana pete ya fedha huwa nyeusi. Vumbi la salfa lililobaki kwenye jani linaweza kuwa limegeuza sehemu ya chembe zako kuwa salfidi ya fedha, ambayo huachia ayoni chache sana, na hilo litagusa moja kwa moja matokeo yako ya bakteria. Rudi kwenye chati ya eksirei uangalie kama kuna vilele vidogo ulivyovipuuza. Kisha chuma majani ya mikorosho iliyopulizwa na isiyopulizwa, siku moja, shamba moja, uyapitishe njia ileile. Wahariri wanalalamika kwamba chembe za majani hazirudiki kutoka maabara moja hadi nyingine. Wewe unaweza kuwa na sababu mojawapo mkononi.

Mwanagenzi wa Ligula

Nimefungua chati sasa hivi. Vipo viwili, vidogo, nilivyoviandikia "uchafu". Nampigia mjomba nimwombe mikorosho mitano msimu huu asiiguse.

Mtoto wa Ruangwa

Mwombe kumi. Mitano ubwiriunga utaimaliza kabla hujafika na mfuko.