Kozi ipi ya data itaniachia ujuzi, siyo cheti tu?

Kalamu_Njema: Wakuu, habari zenu. Nataka kuanza kozi ya uchambuzi wa data na niamue kabla ya Jumatatu. Nimebaki na tatu: ile ya Google kwenye tovuti ya kozi ya Coursera (unalipia kila mwezi), CS50 ya Harvard, kozi ya mwanzo ya sayansi ya kompyuta ambayo ni bure, au video za kununua mara moja kwenye tovuti ya Udemy. Nina vyeti 6 tayari, lakini nikifungua jedwali tupu sijui nianzie wapi. Nichague ipi?

MamaTakwimu: Ndugu yangu, unauliza upande basi gani na hujasema unakwenda wapi. Una saa ngapi kwa wiki? Unatafuta kazi au unayo? Hivyo vyeti 6 ni vya nini?

Fundi_Msimbo: CS50, usisite. Unaanza na Scratch, unapanga vipande vya amri kwa kuburuta, mara wamekutumbukiza kwenye C, lugha ya kuandikia programu. Unapewa maelezo ya tatizo, mengine unajua mwenyewe, na ili umalize lazima utengeneze mradi wako. Nilikesha na zoezi moja siku nne. Mpaka leo naweza kuliandika upya bila kuangalia popote.

Mchambuzi77: C kwa mtu wa data? Mkuu, mwenzio ana kiu wewe unampa jembe achimbe kisima. Aanze na majedwali na SQL, lugha ya kuuliza data iliyo kwenye majedwali.

Fundi_Msimbo: SQL imo humo humo, na Python pia, lugha nyingine ya programu. Soma mtaala kwanza ndipo ubishe.

Tausi_K: Naomba niseme yaliyonikuta. Nilimaliza kozi moja ndefu ya data, sitaitaja. Video zote nilitazama, majaribio yote nilipata zaidi ya 90. Ila mazoezi yalikuwa ya kujaza nafasi: amri imeshaandikwa, unaongeza neno moja, alama ya kijani inatokea, unasonga mbele.

Nikaitwa kwenye usaili. Wakanipa mafaili mawili, la wateja na la mauzo, na saa moja na nusu niseme nani amenunua zaidi. Majina mengine yalikuwa na nafasi tupu mwishoni, kwa hiyo mteja mmoja kompyuta ilimhesabu kama wawili. Tarehe zilikuwa 03/04, hujui ni Machi au Aprili. Halafu kwenye orodha kuna wateja walioandikwa mara mbili. Nilipounganisha majedwali, mauzo yao yakajirudia: mistari 4,000 ya mauzo ikawa 4,600 na sikuona. Nikawasilisha jumla iliyovimba. Mama aliyekuwa ananisaili akaniuliza kwa upole, "Ulihesabu mistari kabla na baada ya kuunganisha?" Nilinyamaza. Nilipotoka nililia kwenye ngazi. Kozi nzima haikuwahi kunipa faili chafu hata moja.

Sasa video natazama mara moja, naifunga, naandika kila kitu upya kwa kichwa. Nikikwama ndipo nairudia. Video ya dakika 10 inanichukua saa nzima.

Mwalimu_Z: Pole sana dada. Hilo la kufunga video lina ushahidi. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi makala fupi mbili: moja waliisoma mara mbili, nyingine waliisoma mara moja kisha wakajipima. Baada ya dakika 5 iliyosomwa mara mbili ndiyo ilikumbukwa zaidi, asilimia 81 kwa 75. Kwa waliopimwa baada ya wiki mambo yakageuka: ile waliyojipima walikumbuka asilimia 56, ile nyingine 42. Ukimaliza video unajiona umeelewa kwa sababu hujapewa muda wa kusahau.

Afisa_Ajira: Msivitukane vyeti. Maombi yakiwa mengi, cheti kinanifanya nisome wasifu hadi mwisho. Ila nafasi naitoa kwa aliyenionyesha kazi aliyoifanya na kunieleza alikosea wapi.

Kijana_Mpya: Na mtu akifanya mazoezi kwa msaada wa akili mnemba?

MamaTakwimu: Iulize kwa nini amri yako imegoma. Ikikuandikia jibu zima, iliyofanya zoezi ni yenyewe.

Mchambuzi77: Kazini kila mtu anaitumia. Kumkataza mwanafunzi ni kumchelewesha.

Tausi_K: Kazini unaitumia ukiwa unaweza kuona imekosea. Mimi ile 4,600 nisingeiona hata ingeniandikia vizuri.

Kalamu_Njema: Samahani, niliacha mengi. Ninafanya kazi stoo, ndiyo ninayeandika mali inayoingia na kutoka. Nina saa 5 kwa wiki. Vyeti vyote 6 ni vya kutazama video. Kazi mpya sitafuti, nataka nijue mali inapotelea wapi.

MamaTakwimu: Kumbe faili unalo! Lifungue leo, kabla hujalipa chochote. Utakapokwama ndipo utajua kozi unayoitaka ifundishe nini.

Fundi_Msimbo: Kwa saa 5 CS50 itakuchukua muda mrefu, nakubali. Bado ningeichagua.

Kalamu_Njema: Nimelifungua. Bidhaa ile ile imeandikwa "Misumari inchi 3", "msumari in 3" na "MISUMARI 3". Nirekebishe mmoja mmoja kwa mkono?

Tausi_K: Subiri! Nakili faili kwanza, la asili usiliguse. Halafu toa orodha ya majina yote yasiyojirudia. Yapo mangapi?

Kalamu_Njema: 212. Bidhaa zenyewe hazifiki 90.