Wajukuu wa Shosho (na wa ng'ambo)

Anti Wambo (Massachusetts): Jamani, ya leo kali. Nimefika kituoni kupiga kura, karani akapekua daftari, jina langu limo lakini nimehamishiwa orodha ya wapiga kura wasioshiriki.

Mama Brayo: Wewe? Na vile hukosi uchaguzi?

Anti Wambo: Huku kila mwaka mji hutuma fomu ya kuuliza ni nani anaishi kwenye nyumba. Usipoirudisha, unapelekwa orodha hiyo. Yangu sikuiona kabisa.

Shosho: Wakakufukuza?

Anti Wambo: Hapana mama. Nimeonyesha leseni yenye anwani, nikajaza fomu kwamba bado naishi palepale, nikapewa kura. Lakini kijana aliyekuwa nyuma yangu naye aliambiwa yuko orodha hiyo, akageuka akaenda zake bila kuuliza. Hapo ndipo nimeudhika.

Mama Brayo: Kamau, mimi 2022 sikupiga, mguu ulikuwa umevimba. Nimefutwa?

Kamau: Hapana Anti. Kenya hufutwi kwa kukosa kupiga kura. Shida yako ni nyingine: ulijiandikisha Kayole 2012 na sasa unakaa Umoja.

Mama Brayo: Si nitapiga tu kwa hii shule ya hapa karibu?

Kamau: Utarudishwa Kayole. Jina liko kule. Kuhamisha ni uende mwenyewe na kitambulisho, ofisi ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ya eneo bunge unalohamia. Siwezi kukufanyia kwa simu, hata ukinitumia ya chai 😅 Kura ni tarehe 10 Agosti 2027 na uhamisho hufungwa kitambo kabla ya hapo.

Anko Otis: Na sisi wa mjengo? Simiti imekula vidole. 2022 mashine ya alama za vidole ilikataa vyote, karani akaniambia nipanguse mkono kwa shati.

Kamau: Halafu?

Anko Otis: Wakanitafuta kwa namba ya kitambulisho, nikatia sahihi karatasi fulani mbele ya mawakala.

Kamau: Hiyo ni Fomu 32A, Anko. Ni halali kabisa.

Anko Otis: Waambie wale wa foleni. Walinitazama kama mwizi wa kura.

Sheila: Kwetu shida ilikuwa foleni zenyewe. Kituo kimoja hakizidi watu 700, kwa hivyo shule moja inagawanywa, kila darasa na majina yake. Sasa orodha wakaibandika kwa mlango, mlango ukafunguliwa ukaegemea ukuta. Nani ataisoma? Watu walisimama masaa, wakifika mbele wanaambiwa waende darasa lile lingine.

Shosho: Mimi sikupanga foleni. Nilishika mkongojo tu wakanipisha.

Mama Brayo: Kamau, hiyo ofisi hufunguliwa Jumamosi?

Kamau: Enda siku ya kazi, asubuhi.

Mama Brayo: Basi Ijumaa naomba ruhusa. Sheila, na wewe si bado uko Kayole kwa daftari?

Sheila: Niko. Nikupitie saa mbili?

Mama Brayo: Saa mbili kamili. Na usisahau kitambulisho, nakujua.