Kava ya kibodi ya iPad 10.2: nichukue gani, na inakaa kwa magoti kweli?

karani_githurai
Hamjambo wadau, naomba msaada kabla sijatupa pesa. Niko na iPad ya kizazi cha 9, ile ya 2021 yenye bado iko na kitufe cha mviringo hapo chini. Laptop yangu ilivunjika bawaba mwezi uliopita, fundi akanitajia bei nikacheka nikashuka ngazi. Mchana mimi ni karani ofisi ya wakili huku tao na jioni nasoma, so nachapa siku nzima, kumbukumbu za vikao, barua, noti za darasa, na kuchapa kwa kioo kumenishinda kabisa kwa sababu nusu ya skrini inaliwa na ile kibodi yake na sioni nilichoandika juu.

Jumamosi nikapita Luthuli, ile barabara ya maduka ya vifaa Nairobi. Duka la kwanza nikaonyeshwa kava nyeusi ya Bluetooth, 3,200, iko na tachipadi na taa za rangi saba, kijana akaniapia inaingia iPad yoyote ya inchi kumi. Duka la pili wakaniambia hiyo ni takataka, nichukue Logitech Combo Touch, walipotaja bei nikauliza kama inakuja na iPad ndani. Duka la tatu wakasema wenzao wote wanadanganya, ninunue kibodi kando na stendi kando. Nikarudi nyumbani mikono mitupu na kichwa kinauma.

Bajeti ni thao sita, nikijikaza saba. Nachapa sana nikiwa kwa matatu asubuhi, jam ya Thika Road mnaijua, na jioni darasani kwa vile viti vya kimeza cha mkono kisichotoshea hata daftari mbili. Mtu mwenye ameishi na moja ya hizi aniambie ukweli.

mzee_wa_mtumba
Tafuta laptop ya ex-UK, yaani mtumba wa Uingereza, uache kuhangaika. iPad ni ya kuangalia video.

karani_githurai
@mzee_wa_mtumba hiyo nimekuwa nayo, betri saa moja na nusu alafu unatafuta soketi kama mtu anatafuta choo. iPad inanivusha siku nzima. Tuendelee na kava tafadhali 😅

kaunta_ya_zamani
Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa miaka minne kwa hivyo mniruhusu niongee kidogo, ama sana.

Dada, hiyo hadithi ya "iPad yoyote ya inchi kumi" naijua vizuri maana hata mimi nimewahi kuisema mwisho wa mwezi nikitafuta komisheni, Mungu anisamehe. Hizo za inchi kumi ni ukoo mzima: kuna 9.7, kuna 10.2, kuna 10.5, kuna 10.9. Yako ni 10.2, na mwili wake ni sawa na ya 7 iliyotoka 2019 na ya 8 ya 2020, so kava iliyoandikwa mojawapo ya hizo tatu itakuingia bila shida. Ya 10 ile ya 2022 ni 10.9 na inachajiwa na USB-C, kava yake hata usiiguse. Na usiende dukani na neno "inchi", nenda na namba. Fungua Settings, General, About, pale kwa Model Number gusa hiyo namba mara moja, itageuka ianze na A. Ya Wi-Fi peke yake ni A2602, ya kuweka laini ni A2604 ama ndugu zake wa karibu. Andika kwa kiganja ukipenda.

Sasa kuhusu hizo mbili, Combo Touch na ile ya Bluetooth. Shika iPad yako wima, angalia ubavu mrefu wa kushoto, utaona vidoti vitatu vya chuma. Combo Touch inajishikilia hapo, umeme inanyonya hapo na herufi zinapita hapo hapo, haina habari ya Bluetooth wala ya kuchaji. Unaifungua unaandika. Hizi zingine za Bluetooth ziko na betri yake, na hiyo betri inabanwa, ukinyamaza dakika kadhaa kibodi inalala, ukirudi inameza herufi ya kwanza au mbili ikiamka. Unazoea, lakini wiki ya kwanza utatukana. Na ujue utakuwa unabeba waya mbili, iPad yako ni Lightning na kibodi itakuwa USB-C, ama zile za zamani micro-USB, na ukiona ni micro-USB mimi ningeirudisha kwa shelfu kwa sababu hilo tundu ndilo huwa la kwanza kulegea.

Lakini ona, wewe umesema magoti. Watu wengi hawasemi, wananunua kwa kuangalia herufi na taa, wanafika nyumbani ndio wanagundua. Combo Touch inasimama kwa mguu unaofunguka nyuma, kwa meza ni raha tupu, lakini kwa magoti huo mguu unatafuta mahali pa kukanyaga na unakanyaga katikati ya mapaja, iPad inalala chali. Kwa kimeza chako cha darasani mguu utaning'inia nje. Kwa hivyo hiyo ya bei ya juu hata ukipewa bure haikufai, na hapo nimekuokolea pesa, utanitumia ya soda 😀

Wewe unataka ile ya bawaba, inayofunguka kama laptop na kubaki pale ulipoiacha. Shida yake ni moja. iPad yako ni karibu nusu kilo, na hiyo nusu kilo yote iko juu kwa mfuniko, so kama chini ni plastiki nyepesi, ukiilaza nyuma kidogo inapinduka. Dukani usiijaribu kwa kaunta. Omba stuli, keti, weka kwa magoti, laza skrini mpaka pale macho yako yanapenda, alafu toa mikono. Ikidondoka mbele ya muuzaji bado ni yake.

mama_pacha
Mimi nitatetea duka la tatu kidogo. Nilikuwa na kava ya Bluetooth ya bei hiyo hiyo, nzuri tu, mpaka siku mmoja wa hawa wangu alimwaga uji. Si mwingi, kikombe nusu, lakini uji unajua vile ulivyo, ukaingia chini ya M na N na ukakauka huko ndani. Kuanzia hiyo siku nikibonyeza M inashuka haipandi, naandika "mmmmmmama" kama mtoto anayelia. Nilijaribu kijiti cha masikio, nikajaribu kupuliza, wapi. Na kwa sababu kibodi na kava ni kitu kimoja nikatupa vyote, iPad ikabaki uchi.

Sasa natumia Logitech K380, ile ndogo ya herufi za mviringo, inatumia betri mbili ndogo za AAA na kusema ukweli nimeshasahau lini niliziweka. Iko na vitufe vitatu juu vya kuhama, namba moja ni iPad, namba mbili simu, namba tatu kompyuta ya kazi, nikibonyeza tu imehama. iPad naiegemeza kwa chochote, stendi, mkebe wa sukari, jana ilikuwa thermos. Ikimwagiwa tena natupa kibodi peke yake.

Lakini kwa matatu hapana mamangu, usijidanganye, kibodi huku, iPad kule, na kondakta anataka nauli.

usikae_dirishani
Nyinyi mnaongea bawaba, hakuna mtu amemwambia huyu dada mahali pa kuketi. Mimi nilipokonywa simu kupitia dirisha la matatu pale mzunguko wa Globe, mkono uliingia ukatoka, nilibaki nimeshika hewa na sentensi haijaisha. Sasa wewe unafungua iPad na taa za rangi saba saa kumi na mbili asubuhi kukiwa bado giza giza, hiyo si kibodi tena hiyo ni tangazo. Keti upande wa ndani, funga kioo, na taa uzime.

karani_githurai
@usikae_dirishani 😂😂 nimesikia. Huwa nakaa ile ya nyuma ya dereva, upande wa ndani. @kaunta_ya_zamani kitu kingine, nikiwa dukani niandike nini ya kujaribu? Kila mtu huandika jina lake akisema iko sawa.

kaunta_ya_zamani
Swali zuri sana hilo, jina haliwezi kukuonyesha kitu. Andika "ng'ombe wa ng'ambo" mara tano bila kuangalia chini. Kwa kibodi hizi ndogo hicho kialama cha juu ndicho huwa kinanyanyaswa, wakikosa nafasi wanakihamisha ama wanakifanya chembamba kama kucha, ama mpaka ushikilie kitufe cha Fn ndio kitoke. Kwa mtu anayeandika Kiingereza tu labda atavumilia, lakini wewe unayeandika kumbukumbu za Kiswahili na kila mara ni kung'amua na kung'olewa na kunyang'anywa ardhi, utaumia vidole.

Alafu bonyeza @. Ikitoka " badala yake usiogope, haijaharibika, ni vile kibodi imechorwa kwa mpangilio wa Uingereza na iPad imewekwa ule wa Marekani, kwa hivyo hizo mbili zimebadilishana viti. Unarekebisha kwa settings. Bonyeza kila herufi moja moja usikie kama kuna inayotoa mbili. Funga kava, fungua, uone kama iPad inalala na kuamka yenyewe, hiyo inamaanisha sumaku ziko mahali pake. Angalia tundu la kamera halijakatwa kando. M-Pesa ndio ya mwisho, na risiti iandikwe modeli, sio "kava 1".

wa_tab_s6
Nidandie hapo. Mimi niko na Samsung Tab S6 Lite, na yangu nitafute hivyo vidoti?

kaunta_ya_zamani
@wa_tab_s6 Lite haina. Vidoti Samsung huweka kwa zile kubwa kama Tab S9. Yako ni Bluetooth, ama kibodi ya waya ukiwa na adapta ya USB-C, hiyo hailali wala haichajiwi, ni vile tu haina heshima ukiitoa mbele ya watu.

karani_githurai
Nimerudi na ripoti. Leo mchana nimeenda na namba yangu kwa karatasi, A2602. Kijana wa kwanza wa rangi saba alipoona karatasi akaacha kuapa, akageuza sanduku tukasoma pamoja, imeandikwa 9.7. Nikamwambia asante ndugu yangu, nikaenda.

Duka la nne, mama mmoja mtulivu, akanitolea tatu za bawaba. Nikaomba stuli akaniangalia kidogo lakini akaleta. Ya kwanza ilipinduka hata kabla sijatoa mikono vizuri, tukaidaka wawili. Ya pili ilisimama lakini bawaba ni ngumu hivi kwamba kuifungua unahitaji kuikanyaga, na iPad ikitoka lazima ni kwa vita. Ya tatu chini ni ya chuma, nzito kweli, nikaiweka kwa magoti nikatoa mikono, nikatingisha magoti kama niko kwa bampu, ikatulia. Alianzia 5,500 tukakutana 4,600. Chaji USB-C. Taa iko, nyeupe moja tu, na nimeizima.

Ubaya wake: Shift ya kulia wameifanya ndogo na kando yake ni mshale wa juu, so kila nikitaka herufi kubwa naruka mstari wa juu na kuandika katikati ya sentensi nyingine. Na begi imekuwa nzito, sidanganyi, nimebeba kama laptop ile ile niliyoiacha.

Lakini kuna kingine kimenishinda. Nimechapa kumbukumbu ya leo haraka nikatuma kwa wakili bila kusoma. Akaniita ofisini, akanisomea kwa sauti, pole pole: "Karma mlalamikaji alivyoeleza." Nikaangalia, kila "kama" imekuwa "karma" ukurasa mzima. Akauliza ni ofisi ya sheria ama ni ya waganga. Hiyo naizima wapi?

mama_pacha
Nimecheka mpaka pacha wakaamka 😭

kaunta_ya_zamani
Pole dada. Hiyo ni Auto-Correction, iPad inajirekebishia maneno yenyewe, na kibodi ya kioo na hii ya kubonyeza kila moja iko na swichi yake, ndio maana watu hutafuta wakachoka. Washa kibodi kwanza iungane, kwa sababu bila kuungana hilo chaguo halionekani kabisa. Alafu Settings, General, Keyboard, utaona Hardware Keyboard imetokea, ingia humo uzime Auto-Correction. Na ukirudi kwa programu unayoandikia, shikilia kile kitufe cha Cmd, itakuonyesha njia zake za mkato.

karani_githurai
Imezimika. Kama kama kama kama. Asanteni sana wadau, soda ya @kaunta_ya_zamani iko.

usikae_dirishani
Na yule mama alisema nini ukimwandikia ng'ombe mara tano?

karani_githurai
Aliuliza kama nauza.