Mrejesho: Kokteli ya rangi tatu imekubali

Wakuu, habari zenu. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini kokteli yangu ya matunda haikai tabaka tabaka, inavurugika yote na kuwa rangi ya matope. Mkanijibu shida ni sukari: chenye sukari nyingi ni kizito, lazima kikae chini. Mlikuwa sahihi kabisa.

Jumamosi nilikuwa na wageni 12, na joto la Dar la Januari mnalijua. Nilichemsha rozela kavu kikombe 1 kwa maji vikombe 2, nikachuja, nikatia sukari vikombe 2 na kuiacha motoni taratibu mpaka ikawa nzito. Nilipokamulia limao, wekundu wake uling'aa palepale! Ikalala kwenye friji usiku kucha. Hapo msifanye haraka, maana ikiwa ya moto inayeyusha barafu na tabaka zinapotea.

Vijiko 2 vya rozela hiyo ndani ya glasi, chini kabisa, barafu hadi juu, kisha juisi ya embe isiyo na sukari, ikiteremkia polepole kwenye mgongo wa kijiko. Juu kabisa Konyagi kidogo yenye limao. Watoto na wasiokunywa niliwawekea maji ya gesi.

Mama mkwe aliishika glasi yake dirishani, akaitazama weee, akakataa kabisa kuikoroga. Nilifurahi mno.

Aliyenielekeza mambo ya kijiko, Mungu akubariki sana. Wiki ijayo najaribu ya ukwaju na nanasi.