Bush na Iraq: kosa lilikuwa kuingia, au kuendesha vibaya alipokwisha kuingia?

Mwanjelwa_Juu: Wakuu, jana kijiweni hapa Mwanjelwa tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba George W. Bush, yule rais wa Marekani, hakukosea kumng'oa Saddam, mtawala wa Iraq, ila wasaidizi wake ndio walioharibu. Mimi nasema lawama ni ya rais mwenyewe. Aliingia Machi 2003 kwa hoja ya silaha za maangamizi, hazikupatikana. Tarehe 1 Mei akasimama kwenye meli ya kubebea ndege za kivita, nyuma yake bango kubwa linasema kazi imekamilika. Mwezi huohuo Bremer, mtu wake aliyempeleka Baghdad, akalivunja jeshi lote la Iraq. Askari wanarudi makwao wanajua kupiga bunduki, na mshahara hakuna. Ulitegemea walime mchicha? Karibuni kwa hoja.

Fundi_Sae: Kosa ni kuingia, mengine yote ni watoto wa kosa hilo. Januari 2003 aliliambia Bunge lake kwamba Saddam anatafuta urani Afrika. Zile nyaraka zilizodai anainunua Niger, wakaguzi wa nyuklia wa Umoja wa Mataifa walizitazama tu wakasema ni za kughushi. Hiyo ilikuwa kabla ya vita, na bado akaingia!

Tunduma_Mpakani: Mnasahau upesi. Huyohuyo Bush ndiye aliyetuwekea lami Tunduma hadi Mpanda. Zamani masika yakishika, lori la mahindi linalala njiani siku tatu, utingo anapikia chini ya bodi. Wairaki wamlaumu, wana haki. Sisi wa huku tukae kimya.

Mwanjelwa_Juu: Lami ya fedha zile iliishia Sumbawanga mkuu, haikufika Mpanda. Zilikuwa za MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, dola milioni 698, mkataba aliotia saini na Kikwete Februari 2008, na sehemu nyingine ilikwenda Ruvuma. Turudi Iraq.

Fundi_Sae: Tukae kimya kwa sababu ya lami? Bado mtu atakuja kutuambia alileta na dawa za ukimwi. Watu wa nyanda za juu mnanunulika kwa bei ya chandarua.

Mama_Makambako: Kamwene. Nimekuwa nasoma tu, ila wewe Fundi umenigusa pabaya. Mwaka 2002 seremala wa jirani yangu aliacha kutengeneza vitanda. Alikuwa wa majeneza tu, usiku kucha unasikia nyundo, asubuhi watoto wanaokota maranda ya kuwashia moto. Nilizika kaka zangu wawili mwaka ule. Mdogo wangu wa kike alipoanza dawa alikuwa na kilo 34, tulimbeba mgongoni kumpeleka kliniki. Leo analima ekari mbili za viazi, na mtoto aliyemzaa baada ya hapo hana virusi, yuko kidato cha tatu. Nani alimnunua? Tena hiyo hotuba yako ya urani, ndiyo hiyohiyo aliyotangazia dola bilioni 15 za kupambana na ukimwi. Kinywa kimoja, usiku mmoja. Nieleze wewe unayejua, nitenganishe vipi?

Fundi_Sae: Mama shikamoo, na pole sana. Sikuwalenga wagonjwa, nilikuwa namjibu wa Tunduma.

Kihesa_Kwetu: Shikamoo inakuja baada ya tusi? Umeandika "watu wa nyanda za juu", umetukusanya wote. Na wewe Sae si ni hukuhuku Mbeya, au umehama? Iringa na Njombe kila ukoo una kaburi la miaka ile. Futa kauli.

Fundi_Sae: Sifuti hoja. Naomba radhi kwa lile neno "mnanunulika", basi. Lakini Fallujah, kule Iraq walikopigana vikali, nako kulikuwa na mama mwenye mdogo wake, akampoteza 2004. Huyo nani alimpelekea dawa?

Mzee_wa_Mafinga: Wanangu, mimi nilikuwa Kagera. Amin aliingia kwetu Oktoba 1978, akaua raia, akaswaga ng'ombe. Sababu tuliiona kwa macho, hakuna aliyetuonyesha karatasi. Ndiyo maana vijana tulikwenda tukiimba. Rais akikosa sababu ya namna hiyo, asipeleke mtoto wa mtu vitani. Basi.

Kihesa_Kwetu: Mzee shikamoo. Ila nasi hatukuishia Mutukula mpakani. Kampala tuliingia Aprili 1979, na majeshi yakabaki Uganda hadi 1981. Huku nyumbani tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18, sabuni ikawa ya kupanga foleni.

Mzee_wa_Mafinga: Unanifananisha na Bush? Kijana, nilimzika mwenzangu njiani kwa mikono hii, jembe hatukuwa nalo. Usirudie.

Kihesa_Kwetu: Mzee, sijakufananisha. Nisamehe.

Mwanjelwa_Juu: Wakuu, swali! Novemba 2006 Wamarekani wenyewe walikwishachoka, chama chake kikapoteza Bunge lote, na siku iliyofuata ikatangazwa kwamba Rumsfeld, waziri wake wa ulinzi, anajiuzulu. Badala ya kurudisha askari, Januari 2007 rais akaongeza zaidi ya 20,000. Kuna wanaosema hapo ndipo alipopatia kidogo, mauaji yalipungua baadaye. Mimi naona alikuwa anazima moto aliouwasha mwenyewe. Mnasemaje?

Tunduma_Mpakani: Nimeuliza dereva wa njia hiyo. Kweli fedha zile ziliishia Sumbawanga. Lakini lori halilali tena njiani, hilo hamjanijibu.

Fundi_Sae: Mama Makambako, nami nilikuuliza la mama wa Fallujah.

Mama_Makambako: Nimelisoma mwanangu, na nimekaa nalo tangu mchana. Mlaumuni Bush kwa Iraq, mimi sijawazuia, na huyo mama wa Fallujah angekuwa jirani yangu ningekwenda kulia naye. Nilichokataa ni kuambiwa kwamba mdogo wangu akimeza kidonge chake saa tatu usiku, amekubali vita ya mtu. Keshokutwa ni siku yake ya kliniki, namsindikiza. Nitasoma majibu yenu nikirudi.